Wavu Mpya wa Nikolaus

Ng'ambo, Tabora
14 Machi 1958

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo yake naituma hapa hapa. Natumaini goti lako limepoa kidogo na kwamba maji ya mvua hayakuuchukua mtama wa bondeni. Mimi ni mzima. Barua hii anakuja nayo Mwalimu Anselm wa kigango chetu, naye ndiye atakayekusomea. Namwomba asome polepole, wala asiruke mahali.

Kazi yangu kwa Mzee Mabruki ni ile ile: kupokea matenga ya ngege wakavu yanayokuja kwa treni kutoka Mwanza, kuwachambua na kuwapeleka sokoni. Lakini samaki wenyewe si wale unaowajua. Zamani ngege mmoja alijaza sahani, mkia ukining'inia nje. Sasa wanalala watatu, na nafasi inabaki. Wiki iliyopita Bi Mwanajuma, mteja wetu wa siku nyingi, alimwinua mmoja kwa mkia akaniuliza mbele ya watu kama samaki wa Mwanza wameshaanza kufunga, mbona mwezi haujaandama. Soko lote lilicheka, nami nikacheka. Mzee Mabruki hakucheka. Alisema tangu serikali ilipoondoa sheria ya wavu wa inchi tano, kila mvuvi amenunua wenye matundu madogo, na ngege wanavuliwa kabla hawajazaa. Hata hivyo aliniambia niwapange, kwa sababu asipowauza yeye atawauza jirani yake.

Mambo hayo kaka Nikolaus alikuwa amekwisha kunieleza alipopita hapa Krismasi akitoka kuvua Mwanza. Alisema ngege jike hubeba watoto wake kinywani, na akinaswa huwatema ndani ya mtumbwi. Wavuvi wenzake huwakanyaga tu. Yeye huwachota kwa kata na kuwarudisha ziwani, ndiyo maana wakampa jina la Mkunga. Akirudi ufukweni na samaki wachache humpokea kwa kumwuliza leo amezalisha wangapi. Aliniambia hajali, ila wao wajiulize watoto wao watavua nini.

Habari hizo zilipokufikia, baba, ulikasirika. Uliniagiza nimwandikie kwamba hukumpeleka mtoto ziwani akawe mkunga wa samaki, kwamba ng'ombe wa kumwolea Getruda hawatatoka kwenye wavu usioshika kitu, na kwamba anunue wavu mdogo kama wanaume wenzake. Nilimwandikia maneno yako kama yalivyo. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba hawezi kukubishia.

Mwalimu Anselm, hapa naomba umwite mama aje aketi karibu na baba, kisha uendelee.

Baba, hapo juu nimeandika kwamba mimi ni mzima. Sikuandika sisi. Ijumaa iliyopita Nikolaus alitoka kuvua peke yake. Karibu na pwani wavu wa matundu mapana haupati kitu tena, kwa hiyo alikuwa akienda mbali, na siku hiyo mwenzake Ngollo alikataa kumfuata. Upepo uliinuka mchana. Jumapili mtumbwi ulionekana umepinduka kwenye kisiwa kimoja, yeye hayumo. Nilipata simu Jumatatu nikapanda treni kwenda Mwanza, na jana nikarudi hapa kuomba ruhusa. Mwili haujapatikana. Wale waliokuwa wakimtania wamekuwa wakimtafuta kwa mitumbwi yao, na sikusikia hata mmoja akilitaja lile jina.

Wavu wake wa zamani ulikuwa bado umefungwa kwenye mtumbwi. Niliingiza mkono katika tundu lake, ukapita mpaka kwenye kiwiko. Chumbani kwake, juu ya kitanda, nilikuta wavu mwingine, mpya, wa nailoni, ungali na kamba ya dukani. Huo vidole vyangu viliingia vikakwama. Ngollo aliniambia kwamba kaka aliununua mara tu maneno yako yalipofika. Kila alfajiri aliutazama, akasema kesho ndipo atautia majini.

Sijalia bado. Nakula, nalala, nachambua samaki, naandika shajara yangu kama kawaida. Leo nimemaliza tenga zima bila kujua nilichokishika. Mzee Mabruki amenipa ruhusa, na kesho narudi Mwanza kungoja ufukweni, ndiyo maana nimeituma barua na sikuja mwenyewe.

Ngollo anautaka ule wavu mpya. Anasema ataubeba kwa kumkumbuka rafiki yake. Nimemjibu kwamba ulinunuliwa kwa neno la baba, na bila neno la baba siufungui. Mwambie Mwalimu Anselm aniandikie ulivyoamua: nimpe, au niulete huko nyumbani Ziba na kamba yake.

Msalimie dada Bernadeta na watoto, na majirani wote watakaokuja kuketi nanyi. Getruda aambiwe na mama mwenyewe, asisikie njiani.

Ni mimi mwanao,
Modest