Nyumba Inauzwi

Nyuma ya Soko,
Nyumba yenye mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hamjambo huko? Wewe, wifi yangu na watoto mu wazima? Yule mdogo meno yameshatoka, au bado anatafuna vidole vya wageni? Na wewe, zamu za usiku za kule ghalani hazijakuvunja mgongo? Usiinue mizigo peke yako kwa kutaka sifa. Sifa hazina dawa ya kiuno.

Sisi hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kulitamka neno hilo bila kuona haya. Mama anakula, presha yake imeshuka, ni goti la kulia tu linalomnunia kila asubuhi. Mimi ni macho. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siku hizi nautafuta kwa kupapasa. Mengine ni uhai.

Naandika kwa sababu simu zangu unazikata. Barua huwezi kuikata katikati. Ukiikunja, maneno yanakungoja humohumo. Kwa hiyo kaa kitako, unisome mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Mara ya mwisho ulinijibu kwa sentensi moja: “Dada, chini ya mia na themanini sisaini.” Najua ulikoitoa hiyo milioni mia na themanini. Ndiyo bei aliyouzia jirani yetu mwuza dawa miaka miwili iliyopita, nyumba yenye vyumba kama vyetu, tena yenye ufa ukutani. Siku ile sote tulijiona matajiri tukiwa tumelala. Mdogo wangu, bei hiyo imekufa. Sisi ndio tumebaki tumeketi matangani, wewe bado unamtengea marehemu chakula.

Nikukumbushe tulikotoka, na sikusimangi, nahesabu tu. Kiwanja nilikinunua kwa sare za shule, moja baada ya nyingine, mguu juu ya cherehani. Jina lako nililiandikisha kwenye hati pembeni ya langu ili nikifa mimi, asije mtu akamtoa Mama nje. Nilitaka mlango uwe na makufuli mawili. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa ndani, moto unawaka, na ufunguo wa kufuli la pili uko ng’ambo.

Vyumba sita vya mwanzo nilijenga bila deni. Vile vinne vya juu ndivyo vilivyonipeleka benki. Hukunikataza, wala sikulaumu. Wakati ule mpangaji alikuwa akisikia chumba kitupu anakuja na godoro kichwani kabla hajaoneshwa choo. Vyumba kumi vya kupangisha, ukiacha viwili vyetu mimi na Mama, kila kimoja laki moja na ishirini, ni milioni moja na laki mbili kwa mwezi. Benki inataka milioni moja na laki tatu na nusu. Pengo la laki na nusu nilikuwa naliziba kwa cherehani, na tukala, na tukavaa.

Leo vyumba vinne vitupu. Sita vilivyobaki nimeshusha hadi elfu tisini ili watu wasiondoke. Hiyo ni laki tano na arobaini. Toa mwenyewe, kichwani kwako, usitumie simu. Pengo ni laki nane na elfu kumi, kila mwezi. Hakuna shule duniani yenye watoto wa kutosha kuvaa hilo pengo.

Nilikwenda kwa afisa mikopo, yule kijana wa viatu vinavyolia. Akaniambia kwa upole, “Mama, soko limepoa.” Nikamwambia chai ikipoa mtu anainywa hivyohivyo, lakini hili soko lenu likipoa ndilo linalomnywa mtu. Akacheka, akanimiminia maji, kisha akanipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo ni mnada. Watu wale wanauma na kupuliza, wakimaliza unawashukuru.

Sasa nikueleze yaliyotokea ukutani, maana nasikia umeshasimuliwa nusu, na aliyekusimulia alikuwa anacheka.

Unayakumbuka yale maandishi niliyoandikisha ukuta wa nyuma, upande wa barabara kuu, enzi madalali walipokuwa wananigongea hata nikiwa naoga? NYUMBA HAIUZWI, kwa rangi nyekundu. Ulipokuja ulijipiga picha nayo. Basi mwezi uliopita, kodi zikija kwa kuchechemea na marejesho ya benki yameshanilimbikia, nikaamua kuuza kabla ya benki kuniuzia. Nilimwita fundi rangi, mpangaji wangu wa chumba cha tano, ambaye kodi ya miezi miwili ilikuwa bado iko njiani inakuja. Nikamwambia asipoteze rangi kuandika upya. Afute HAI, aandike INA. Herufi tatu kwa herufi tatu, nami nitamsamehe kodi ya wiki moja. Niliona nimekokotoa vizuri sana.

Asubuhi dalali akapita, akasimama, akasoma kwa sauti mpaka wauza nyanya wakageuka: “Nyumba i-na-u-zwi!”

Nilitoka na kanga moja. Kweli, NYUMBA INAUZWI. Nikamwita fundi.

“Hii nini?”

“Mama, umesema herufi tatu. Nimebadilisha tatu.”

“Na hiyo ya mwisho?”

“Hiyo haikuwemo kwenye mapatano.”

Aliniuzia kwa kipimo changu mwenyewe. Aliirekebisha jioni, tena kwa kusamehewa kodi ya siku mbili zaidi, lakini mtaa ulikuwa umeshakula na kushiba. Mpaka leo nikipita, utasikia, “Mama Inauzwi, hujambo?” Wengine wananiuliza kama ninauzi au siuza.

Ningevumilia kicheko. Hasara ilikuwa kwingine. Nilikuwa nimepanga kuwaambia wapangaji taratibu, mmoja mmoja, nikiwahakikishia kwamba mnunuzi atawakuta na atawaacha. Ukuta ule wao hawaupiti. Tangazo lililo sahihi lingekaa kimya barabarani likingoja wenye pesa. Hili la makosa lilitembea kwa miguu, likaingia uani mwetu kabla ya saa nne. Wakakutana bombani. Ndani ya wiki mbili vyumba vyote vinne vya juu vikawa vitupu.

Nao siwezi kuwalaumu, hilo ndilo linaloniuma. Ng’ambo ya barabara wamemaliza ghorofa mpya, haina watu, wameweka bango: mwezi wa kwanza bure, na kodi unalipa mwezi kwa mwezi. Zamani nilikuwa nadai miezi sita kwa mpigo, na mtu ananishukuru. Yule mfagizi wa hospitali, aliyekaa nasi muda mrefu kuliko wote, alikuja kuniaga analia. Nikamwambia nitampunguzia mpaka elfu themanini. Akanishika mkono. “Mama, nakupenda mno, lakini mapenzi hayana choo cha ndani.” Tukacheka wote wawili, halafu nikamsaidia kubeba kitanda.

Lakini sikiliza, maana riziki ina vichochoro vyake. Huyo mfagizi ndiye aliyekwenda kusimulia wodini habari za nyumba inauzwi. Wauguzi wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mmoja wao hakucheka. Aliuliza iko wapi.

Alikuja Jumamosi ya wiki iliyopita na mumewe, dereva wa lori. Ni wapangaji tangu siku ya harusi yao. Wameuza shamba, wana fedha mkononi, hawategemei benki wala mjomba. Mwanamke yule alizunguka nyumba yangu kama anayempima mgonjwa: anagonga kuta kwa kidole, anafungua mabomba, anainusa dari. Aliukuta ule unyevu wa chumba cha nane ambao mimi na wewe tulidhani tumeuficha kwa kabati. Nilimchukia na kumheshimu kwa pamoja. Alipomaliza akaniambia, “Mama, tumehamishwa nyumba saba. Kila mwenye nyumba alitupandishia kodi akasema ni soko. Leo soko limekaa upande wetu, usituone wabaya.”

Walianza na mia na tano. Nimewavuta mpaka milioni mia na kumi na nane, na pale wamegoma, naona hata usoni kwamba ndipo fedha inapokomea. Watangoja mpaka tarehe ishirini na sita. Baada ya hapo wanachukua nyingine mtaa wa pili, nako mwenyewe anawabembeleza.

Sasa hesabu, na hii uisome mara mbili. Mia na kumi na nane. Benki inachukua tisini na nne. Dalali atachukua tatu na nusu, ingawa kazi yake ilikuwa kusoma ukuta kwa sauti. Inabaki milioni ishirini na nusu. Si utajiri. Ila ni cherehani ya pili, ni fremu ndogo ya kushonea, ni dawa za Mama, na sitakuwa na deni la mtu.

Ukishikilia mia na themanini yako, huyu ataondoka na hakuna mwingine. Tangu niandikishe ukuta ndiye pekee aliyetaja bei. Utakuja mnada. Nyumba ya fundi saa, unaijua, ile ya kona, mwezi uliopita imepigwa mnada kwa milioni themanini na moja. Tukiuzwa kwa bei hiyo, benki itakuwa bado inatudai kumi na tatu. Tutakuwa hatuna nyumba na tuna deni. Nasema “tutakuwa” kwa makusudi. Jina lako limo kwenye hati na limo kwenye mkopo. Ukisaini tutagawana kilichobaki. Usiposaini tutagawana kilichopungua.

Najua unasema moyoni kwamba ile ni nyumba ya Mama, na nyumba ya mama haiuzwi. Mdogo wangu, hata mimi nimelia na neno hilo. Usiku nahesabu matofali badala ya kondoo, kila tofali nalijua liliponunuliwa. Kuna siku nilisimama uani nikataka kumpigia magoti yule afisa wa viatu vinavyolia, mimi, niliyewahi kumfukuza dalali kwa ufagio. Nimeuza friji. Nimeuza meza kubwa. Nikiangalia kilichobaki cha kuuza, naona cherehani, nayo nikiiuza basi nimejila mkono. Sina pengine pa kugusa. Maji hayako shingoni tena, yako puani, na ninakuandikia nikiwa nimenyanyua kichwa.

Nilimwogopa Mama kuliko benki. Nilimwambia jana baada ya chakula, nikaeleza vyote, pamoja na jambo hili: yule muuguzi amekubali Mama abaki kwenye chumba chake cha chini, asihame, ila atalipa kodi kama mpangaji mwingine yeyote. Mimi nitabaki changu cha jirani yake, nami nilipe. Hapo nikakohoa, nikasingizia pilipili.

Mama akasugua goti. Kisha akasema, “Nimekaa kwa baba yangu, nikakaa kwa mume wangu, nikakaa kwa binti yangu. Upangaji ndio sijaujaribu.” Akataka kujua kodi ni ngapi. Nikamwambia elfu tisini. Mama akaruka! “Tisini, nyumba yenye unyevu? Mwambie huyo mama mwenye nyumba apunguze, kule ng’ambo ya barabara mwezi wa kwanza ni bure.”

Akasimama akaenda kulala. Baadaye nilipopita mlangoni nilimsikia analia chini ya shuka, taratibu, asinisumbue. Hiyo ndiyo habari niliyotaka uipate kutoka kwangu.

Karatasi ziko ndani ya bahasha hii. Weka saini penye msalaba wa penseli, mbele ya wakili wa huko, kisha uzirudishe kwa kampuni ileile ya vifurushi. Kuzileta kwako kumekula gharama ya sare mbili, kwa hiyo usizikalie. Zinifikie kabla ya tarehe ishirini na sita. Na ukipokea simu yangu hata dakika moja, nitafurahi, sitakugombeza. Nitakuuliza tu kama umekula.

Nisalimie sana wifi yangu. Mwambie gauni lake nimeshalikata, linangoja vipimo vya mikono tu. Watoto wabusu wote, na yule mtafuna vidole mpe chake. Mjomba Miwani anakusalimu, anauliza lini utamtumia miwani. Shangazi naye anakusalimu na anasema umenenepa kwenye picha, hilo kwake ni sifa. Mama hakusema nikuandikie chochote. Alisema nikuulize kama huko unakolala pana dirisha.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe moyo mwepesi na mkono mwepesi zaidi wa kusaini.

Dada yako akupendaye hata unapomkatia simu,

Dada Mkubwa