Kikao Juu ya Moto wa Mama Safi

(Hii ni karatasi ya kwanza. Ile ya kupeleka kwa katekista nitaiandika kesho, bila maneno haya ya juu.)

Kuna jambo sijamwambia mutu yeyote, hata padri. Moto uliotafutwa katika kikao hiki, ninaupeleka mimi. Kila magharibi nachukua makaa jikoni kwetu, nayafunika na majivu ndani ya kigae, napita nyuma ya migomba mpaka kwa Mama Safi. Alikuwa bibi wa pili wa baba, na ndiye aliyekuwa ananisuka nywele. Pasaka iliyopita baba alibatizwa, akapewa jina la Gérard, akabaki na mama yangu, Véronique, peke yake kama Kanisa linavyotaka. Mama Safi akahamishiwa nyumba ya pembeni. Tangu siku ile watu hawamusalimii. Masista walinifundisha kuandika Kifaransa na Kiswahili, lakini kusema mbele ya wakubwa, lugha zote mbili zinanikimbia. Basi ninaandika.

CHAMA CHA WAMAMA WA MUTAKATIFU ANNA
KIKAO CHA DIMANCHE, 14 MACHI 1954

Mahali: baraza ya katekista, mutaa wa Wakristu, njia ya Nyangwe, Kasongo.

Waliohudhuria: Mama Anastasie, mwenyekiti, Mama Cécilia, Mama Régina, Mama Véronique, bibi wa Gérard, Katekista Théophile, mushauri, Sidonie binti Gérard, mwandishi.

Hakuhudhuria: Mama Marie-Louise, amekwenda Nyangwe kutafuta samaki. Hakuaga.

KUMB. NA. 1/54: KUFUNGUA
Baada ya sala, Mwenyekiti alikumbusha fundisho la ibada ya Jumapili asubuhi: umupende jirani yako. Mama Régina aliuliza kama Mama Cécilia, aliyesinzia, alilisikia. Mama Cécilia alijibu kwamba alifumba macho kwa kusali.

KUMB. NA. 2/54: CHAPELI
Ilionekana kwamba mbuzi wanalala ndani ya chapeli. Mwenye mbuzi hakutajwa. Mama Régina aliahidi kuwafunga.

KUMB. NA. 3/54: MOSHI
Mama Cécilia alieleza kwamba kila magharibi anaona moshi kwa Safi. Alisema Safi hana kibiriti, hana bwana wa kumununulia, na hakuna mutu aliyeruhusiwa kumupa moto. Aliomba mwenye kumupa ajulikane leo.

Mwenyekiti aliuliza nani alikataza moto. Katekista alieleza kwamba alichokataza ni watu wa nyumba ya Gérard kuingia kwa Safi, ili isisemwe kwamba Gérard anakula vyungu viwili. Salamu, mayi ya kunywa na moto, watu waliongeza wenyewe. Hata hivyo aliona kwamba nyongeza hiyo si mbaya, kwa sababu Padri anakuja mbele ya Pasaka na maneno yakimufikia, Gérard anaweza kunyimwa komunyo.

Mama Régina alisema: «Katekista, juzi mvua ilizima jiko lako, bibi yako akachukua kaa kwangu. Sasa miye na weye tuko bibi na bwana?»

Wanakikao walicheka. Katekista aliomba neno hilo lisiandikwe. Mwenyekiti aliagiza liandikwe.

Mama Cécilia alisema kwamba mchezo hauondoi shauri, na kwamba moshi unapanda baada tu ya mutu kupita kwenye migomba ya Gérard. Aliuliza mara ya pili: nani? Mwandishi aliinamia karatasi.

Mama Véronique aliomba kusema. Alisema: «Moto ule unatoka jikoni kwangu.»

Mama Cécilia alisema: «Weye? Mwenzako uliyekuwa unamutukana mutoni?»

Mama Véronique alijibu: «Na kesho nitamutukana tena. Simupendi Safi. Siku yake ya kupika alikuwa anaimba kwa nguvu, kusudi nisikie bwana iko kwake. Lakini mutu hawezi kutafuna muhogo mubichi na miye ninaona. Kila magharibi naacha kigogo kikubwa kwenye mafiga, nageuza mugongo.»

Katekista aliuliza anageuza mugongo kwa nini.

«Kusudi asiyeweza kuniomba achukue. Nikigeuka, kaa limepungua. Aliyechukua sikumuona. Mukitaka kuuliza, muniulize miye.»

Mwandishi aliambiwa asome maneno hayo kwa kikao. Alisoma. Aliambiwa apandishe sauti. Alisoma tena.

KUMB. NA. 4/54: SAFI ABAKI AU AENDE
Katekista alipendekeza Safi apelekwe Wamaza kwa kaka zake mbele ya Padri kufika. Mama Cécilia aliunga mukono. Mama Régina alieleza kwamba kaka zake hawataki kurudisha mali ya ndoa, kwa hiyo hata dada hawamutaki. Kumupeleka ni kumuacha njiani.

Mwenyekiti aliamua hivi. Safi abaki. Moto wake upelekwe mchana, mbele ya macho ya watu, na wamama wa chama kwa zamu, isipokuwa nyumba ya Gérard. Anayepeleka amusalimie. Padri akiuliza, Mwenyekiti atamujibu mwenyewe. Zamu ya kwanza ni ya Mama Cécilia, kesho.

Mama Cécilia alisema atapeleka, lakini hataingia.

Mwenyekiti alisema: «Moto unapokelewa hata mulangoni, mama. Salamu pia.»

Katekista alitaka iandikwe kwamba hakukubali. Imeandikwa. Mama Véronique aliulizwa kama ameridhika. Alisema anarudi nyumbani, maharagwe yake yanaungua.

KUMB. NA. 5/54: KUFUNGA
Kikao kilifungwa jua likiwa linashuka, kwa Salamu Maria. Mama Cécilia aliondoka bila kupeana mukono na Mama Régina.

Mwenyekiti: Mama Anastasie (alama ya kidole)
Mwandishi: Sidonie

Kesho Mama Cécilia atapeleka moto na mimi sitapeleka tena. Magharibi ya leo nimekwenda mara ya mwisho. Kwenye mafiga kulikuwa na vigogo viwili. Mama alikuwa amesimama, amegeukia ukuta, mikono mitupu, hana kazi yoyote anayofanya. Nilitaka kusema aksanti. Nilichukua makaa, nikatoka.

Ninamusikia anakuja, miguu mitupu, yuko karibu na mulango. Mama hajui kusoma. Karatasi hii ninaiweka chini ya mukeka hata hivyo, mbele hajaingia.