Stesheni ya Mnyuzi Niliyoijenga kwa Debe Lako

Mke wangu Mama Zaina, huko kwa kaka zako Handeni,

Barua hii nimeandika mwenyewe. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alitaka kunisaidia, nikamwambia weka kalamu chini. Mimi nimepokea treni hapa Mnyuzi miaka yote hii, herufi ndizo zinishinde?

Stesheni yangu ndogo, mfano wa hii ya kazini, imekwisha. Imejaa meza nzima, na kutoka hapa mpaka Korogwe hakuna fundi wa kuijenga hivi. Nguzo nimezichonga kwa mlingoti wa mkonge. Nyuzi za simu ni singa za mkonge huohuo, ulizisokota wewe, sikatai. Unakumbuka ulivyokaa kizingitini unanicheka? "Baba Zaina, na moshi wa treni utautoa wapi?" Nikapaka ukuta masizi ya chungu chako, moshi ukapatikana. Hata ufa wa ngazi ya pili nimeuweka. Mimi sisahau kitu.

Lakini siku za shamba la kijiji, hata nisipokuwa na zamu, jembe ulibeba peke yako. Balozi wa nyumba kumi akija kuuliza, unamwambia, "Mgongo unamsumbua, ndugu balozi." Na mimi niko nyuma ya mlango napaka rangi. Nilikuwa nasikia.

Halafu nikakata debe lako la maji, nipate bati la paa. Ulirudi kutoka shambani una kiu, ukanikuta nalikunja.

"Wenzio wanajenga kijiji, wewe unawajengea panya stesheni! Mimi naenda kwetu."

"Nenda! Treni ya Korogwe inapita saa nne."

Ndivyo nilivyosema. Nikavaa sare nikaenda kazini. Ukaja stesheni na furushi lako. Stesheni masta akanivuta shati: "Mzee, si mkeo yule? Kaongee naye." Nikamjibu niko kazini. Muda ulipofika nikapeperusha bendera ya kijani mimi mwenyewe, mkono umenyooka, macho kwenye injini.

Sisemi nilikosea. Nasema debe jingine lipo, halivuji. Shamba la kijiji naenda, napalilia mistari miwili, wangu na wako, na mgongo sasa unauma kweli.

Kesho kutwa wanakuja kuichukua stesheni, iende Korogwe kwenye maonyesho ya Sabasaba. Nimechonga watu wote wa siku ile: masta, gadi wa treni, muuza machungwa, mimi na bendera yangu. Nawe nimekuchonga, na furushi. Nimeshindwa kukuweka. Sijui ulikaa kwenye benchi au juu ya mzigo wako. Sijui kama ulilia. Nimeuliza watu wawili, kila mmoja kasema lake. Sikukutazama, Mama Zaina.

Umo mfukoni mwangu. Wakija kabla yako, stesheni siwapi, hata aje mkubwa gani. Njoo unionyeshe ulipokuwa.

Ni mimi mumeo, ninayetazama kila anayeshuka treni ya kutoka Korogwe,

Baba Zaina