Bega Lililoshindwa Jeneza

Mjukuu wangu Idrisa, mume mwenzangu,

Salamu zako kutoka Mbeya zimetufikia. Sie hapa Manzese hatujambo, na dada yako kajifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kama uendelee kunyanyua vyuma na hilo bega linalokuchoma, maana ukipumzika wenzako watakucheka.

Mie nami ujanani nilikuwaga mnyanyua vyuma. Bega likaanza kunichoma. Uchovu wa misuli niliuzoea, lakini haya yalikuwa maumivu ya sindano. Nikaona haya kusema, nikaongeza uzito.

Kisha akafariki baba mdogo, aliyenilea. Tulipotoka msikitini nikawahi mbele, nikaingiza bega chini ya jeneza. Hatujafika barabarani, mkono ukalegea, jeneza likayumba. Watu wakaguta. Jirani yetu mmoja, mzee mwembamba, akanisogeza akabeba yeye. Nikafuata nyuma na kifua changu kipana, natamani ardhi inimeze.

Makaburini mwalimu wetu wa mazoezi akanivuta pembeni.

"Bega linauma tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka, ndiyo. Kesho yake tungekupunguzia uzito."

Nikapumzika, bega likapona, vyuma nikavirudia. Lakini baba mdogo alizikwa mara moja tu, na mie sikumbeba.

Waache wakucheke, baba. Bibi yako anakuombea dua.

Babu yako