Ukuta Ndani ya Kompyuta ya Mama

Jumamosi, tarehe 7 Juni. Kapata, Kolwezi. Baridi, upepo, na vumbi mpaka kwenye mswaki.

Leo nitaandika yote, hata sehemu inayonitia haya. Kama si yote, afadhali nisiandike.

Nimeigawa diski ya kompyuta ya Mama.

Anayenisoma kwa mara ya kwanza ajue kwamba Mama anachapa maandishi nyumbani. Msimu wa harusi ni mialiko, na msimu wa mitihani walimu wa shule yetu wanamletea maswali waliyoandika kwa mkono. Kompyuta tunayo moja, na printa yake inaelewana na Windows tu. Mimi niko mwaka wa nne wa sekondari, na profesa wetu wa informatiki, yaani mwalimu wa kompyuta, anatufundisha kuandika programu kwa Linux. Wiki tatu nzima nimeandika programu zangu kwa kalamu kwenye daftari, nikizisahihisha kwa macho. Ndipo profesa akatuambia kwamba mashine moja inaweza kubeba mifumo yote miwili. Unaipunguza sehemu ya Windows, unaweka Linux kwenye nafasi iliyobaki, na kila ukiwasha unaulizwa unataka kuingia upande upi.

Nilielewa upesi kwa sababu nyumba yetu iko hivyo. Ni nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa kampuni. Baba alijenga ukuta katikati ili upande wa pili upangishwe. Huko anakaa Mama Ntumba, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, na anatusikia hata tukikohoa.

Mama alikubali kwa sharti lile lile la kila mwaka: folda ya mitihani nisiiguse. Nilikuwa sijawahi kuigusa.

Asubuhi, Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, nilinakili kwenye clé, kile kijiti cha USB, vitu vyote vilivyomo: mialiko, picha za ubatizo wa mdogo wangu, barua za Baba za kuomba kazi. Vyote, isipokuwa folda ya mitihani.

Niliamini kwamba huko ndiko kutii.

Kazi yenyewe ilichukua kama saa moja. Betri ya kompyuta ilikufa zamani, kwa hiyo nilikaa naomba umeme usikatike. Bwawa la umeme la Nzilo liko karibu nasi, lakini ukaribu huo haujawahi kutusaidia. Leo umeme haukukatika. Nikazima, nikawasha.

Mashine haikuniuliza kitu. Iliingia Linux moja kwa moja. Nikazima tena, nikawasha tena. Linux.

Windows haikuwepo.

Mle ndani mlikuwa na wiki mbili za kazi ya Mama, mitihani ya shule nzima, ya kukabidhi Jumatatu. Na karatasi za walimu hazipo tena, maana Mama akimaliza kuchapa huzichoma kwenye mbabula, lile jiko la makaa tunalopikia, asizisome mtu. Nilijiona nikimweleza hayo yote, na nikalia. Nadhani nililia kwa sauti, kwa sababu Mama Ntumba aliniita kupitia ukuta.

"Solange, unalia juu ya nini? Umeunguza bukari ku mbabula?"

"Hapana, Mama Ntumba. Nimepoteza Windows."

"Huyo njo nani?"

"Ni kazi ya Mama. Ilikuwa mu mashini."

"Basi tafuta kwanza, mbele ya kulia. Mutu analia nyuma ya kutafuta."

Nikatafuta. Ndani ya Linux niliona sehemu nyingine ya diski, ukubwa wake sawasawa na ule niliouachia Windows. Nikabofya, ikafunguka. Haikuniomba hata neno la siri, lile ambalo Mama huliandika akiwa amenipa mgongo. Folda ya mitihani ilikuwepo.

Lakini jina la faili si faili. Ndani pangeweza kuwa patupu. Nikachagua mtihani usionihusu, jiografia ya darasa la saba, nikaufungua. Maswali yote yalikuwepo, yamenyooka. Nikashuka mpaka mwisho wa ukurasa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama huweka mitihani miwili kwenye ukurasa mmoja, mmoja juu na mwingine chini, kisha hukata kwa mkasi ili karatasi zitoshe. Chini ya darasa la saba kulikuwa na jiografia ya mwaka wa nne. Darasa langu.

Nilisoma swali la kwanza lote. Ningeweza kufunga mapema. Sikufunga.

Kisha nikampigia profesa wa informatiki. Alicheka, lakini si kwa ubaya.

"Windows haikukufa, mutoto. Iko pale pale. Ni menu ya kuwasha njo haijue kama iko."

Akanisomea mistari miwili ya amri, nikaiandika pole pole, herufi kwa herufi. Nikawasha upya. Majina mawili yakatokea, moja chini ya jingine: Linux, Windows. Nikachagua la pili. Picha ya kwaya ya Mama ikajitokeza kwenye kioo.

"Umeipata?" Mama Ntumba akauliza.

"Nimeipata."

"Sasa pika."

Mama aliporudi nilimwambia kila kitu kabla hajavua viatu. Ya diski aliyasikiliza akivivua. Nilipofika kwenye jiografia, akauliza, "Ulisoma swali ngapi?"

"Moja, Mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Alichukua simu akampigia profesa wa jiografia, mbele yangu, akamwomba alete swali lingine. Nilisubiri kofi au machozi. Hakuna kilichokuja. Aliinakili mwenyewe folda ile kwenye clé, akaifunga clé hiyo kwenye pindo la kitenge chake.

"Nilikukataza kusoma, Solange. Sikukukataza kuchunga kopi yake," akasema. Baadaye, tukiwa tunakula, akaongeza: "Na ule mulango wa ku upande yako, unafungika?"

Alimaanisha njia ile ya Linux niliyoingilia kwenye mitihani bila neno la siri. Usiku huu ninavyoandika, mwili wangu ni mwepesi kama wa mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, ila swali lile limebaki. Jumatatu swali jipya la jiografia litaletwa, na Mama atalichapa kwenye mashine hii hii.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaoijua Linux, na tafadhali nijibuni kabla ya Jumatatu: sehemu ya Windows inafungwaje, hata mimi niliyeijenga nisiweze kuifungua?