Makohozi Yangu ni Safi, Konsolata

Konsolata, rafiki yangu,

Nakuandikia kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia. Deo yuko mgongoni amelala, naandika nimeinama, utanisamehe mwandiko. Shule yangu unaijua, iliishia darasa la tano.

Nikupe kwanza habari za kwenu. Kambi yenu ya wakimbizi haipo tena. Watu wote wamerudi kwao, barabara ilijaa mpaka daraja la Rusumo, wamebeba magodoro, masufuria, wengine wamebeba wazazi wao. Mumeo alikuja kuniaga na binti yenu. Alisema, "Mama Deo, tunamwacha peke yake nchi ya watu." Nilimpa mtoto ndizi za njiani, nikaingia ndani. Pale mlipokuwa na mahema sasa ni vumbi na visiki. Miti yote iliisha kwa kuni, na sisi tuliobaki tunapikia kuni mbichi, jiko zima moshi. Nikikohoa wanasema ni moshi.

Sasa habari yangu. Makohozi yangu ni safi. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuelewa kwa nini nakuandikia hivyo na machozi yananitoka.

Unakumbuka siku nesi alipokuletea majibu yako pale wodini, Rulenge? Alisema, "Hongera mama, huna TB." Wodi nzima ikapiga vigelegele. Yule bibi wa kitanda cha mlangoni alishuka akacheza, na dripu yake mkononi, nesi anamkimbiza. Wewe uligeuka ukaniangalia mimi. Maana sisi wawili tulikuwa tunaiomba TB kama watu wanavyoomba mvua. TB ina vidonge. Unameza, unachoka kumeza, unapona, unarudi kulima. Ukaniambia polepole, "Wananipongeza kwa kunifungia mlango." Baadaye walipokuchoma sindano ubavuni yakatoka maji yenye damu, ndipo wakalisema lile neno. Kansa ya mapafu. Siku hiyo hakuna aliyecheza.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia picha za kifua. Tulizishika kwenye dirisha, yako na yangu. Ulisema mfupa ni mweupe, hewa ni nyeusi, pafu zuri linatakiwa liwe jeusi. Kwenye yako kulikuwa na kitu cheupe, kimekaa kama yai kwenye kiota, hata mimi nilikiona. Yangu ilikuwa na ukungu tu upande wa juu, kama mtu amepumulia kioo. Ulicheka ukasema, "Yako ni kama Kihangaza chako, mtu anaelewa nusu." Nikakujibu kwamba Kinyarwanda chako ndicho kimepotea njia. Tulicheka mpaka tukakohoa, tukakatazwa kuongea.

Ule ukungu bado upo, Konsolata. Walinipa dawa za kifua wakasema tujaribu, ukungu ukiondoka tutajua. Nilimeza zote. Nikapigwa picha nyingine. Daktari akaziweka mbili kwenye taa, akasogea, akarudi nyuma. Halafu akasema, "Haieleweki, mama. Inaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani. Inaweza kuwa kitu kingine." Nikamuuliza kama ni kile cha Konsolata. Anakukumbuka, alivua miwani yake. Akasema, "Sijasema ndicho. Wala sijasema sicho." Anataka niende hospitali kubwa Mwanza, wakatoe kipande kidogo ndani ya pafu, wakiangalie.

Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi. Wakati mimi nipo ndani, nesi alipita akamwambia majibu ya makohozi ni safi. Basi. Yeye alisikia nimepona. Nilipotoka alinikumbatia mbele za watu, yule mama asiyemkumbatia mtu, akasema, "Mwanangu, Mungu katuona. Si kifua kikuu." Na unajua kwa watu wetu kifua kikuu siku hizi kina mwenzake anayekuja nyuma yake. Walikuwa wananihesabia huo ukimwi pia. Njia nzima mpaka kwetu Mabawe alikuwa anawasimamisha watu kuwaambia. Mimi natembea nyuma yake nimebeba bahasha ya picha, nasema asante, asante.

Tulipofika alichukua kikombe changu kilichokuwa kimetengwa juu ya dari, akakiosha, akakichanganya na vya wengine. Akamleta Deo akaniwekea mapajani. Tangu nilipoanza kukohoa damu nilikuwa namwona mwanangu kwa mbali tu, wanamlisha uji, analia mimi nasikia. Amejifunza kuita mama, Konsolata. Lakini anamwita bibi yake. Mimi alinitazama kama mgeni, akamgeukia bibi akanyoosha mikono. Bibi akacheka, akasema, "Huyu ndiye mama yako, mpumbavu wewe, mimi nilikuwa namshikia." Siku ya pili ndiyo akakubali kulala kifuani kwangu. Upande uleule wenye ukungu ndio anaoupenda.

Ningewaambiaje? Nilikuwa nasema kesho. Nikasema acha kwanza anizoee. Sasa mama mkwe amefukia ndizi shimoni ziive, akamue pombe. Jumapili baada ya misa majirani wote wanakuja kunywa kwa ajili ya kupona kwangu. Wananipongeza getini, wananipongeza kisimani. Na kila anayenishika mkono namwona anazidi kunifukia.

Nachoka kuomba. Wewe ulipata jina la ugonjwa wako, ukalia, halafu ukaanza kupanga binti atalala kwa nani. Mimi sijui nilie au nipande maharage. Asubuhi nasema ni kovu. Ikifika jioni, kikohozi kikinishika, najua si kovu. Nilikuwa mtu wa kutumaini, wewe mwenyewe ulinitania kwamba ningetumaini hata mbele ya simba. Siku hizi natumaini kidogo asubuhi tu, kama mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi.

Lakini mwili wangu unanijibu. Sketi inazunguka kiunoni. Ndizi zikiiva na Jumapili ikipita, nani atanipeleka Mwanza, wakati wote wamekunywa pombe ya kupona kwangu? Nitakaa nao humu mpaka nishindwe kuinuka, na wao watauliza maradhi yametoka wapi.

Kwa hiyo nakuahidi wewe, maana nikijiahidi mwenyewe naahirisha. Leo hii namwambia Baba Deo. Nitazishika zile picha mbili mlangoni kwenye mwanga, nitamwonyesha ulivyonionyesha, cheupe na cheusi, nitamwambia makohozi ni safi lakini sijapona, na anipeleke Mwanza. Nikirudi nitakuja Rulenge kaburini kwako kukuambia walichokuta, hata kama ni chako. Nisiporudi utakuwa umeshajua.

Namsikia anakuja kwenye migomba. Anapiga mluzi. Hakuwa amepiga mluzi tangu nilipoanza kukohoa.

Lala salama, rafiki yangu. Acha niusikilize mluzi wake kidogo, halafu nitoke nikamwambie.

Mama Deo