Buibui wa Miguu Sita

Gent, Ubelgiji, 3 Machi 2024

Shikamoo Baba. Mimi mzima, ila baridi. Huko Akheri mvua zimeanza? Magoti ya Mama?

Hapa maktabani nimepangiwa vitabu vya sala vya mafundi wa hapa Flandria, vilivyochorwa kwa mkono miaka mia tano iliyopita. Pembezoni mwa sala kuna nzi na vipepeo; nzi mmoja nilitaka kumfukuza! Nikakumbuka daftari lako la wadudu wa kahawa, la enzi zako za ubwana shamba. Wakubwa wangu wanataka kulionyesha kando ya vitabu hivyo mwezi wa kumi. Naomba ulitume.

Binti yako, Aika

Akheri, 21 Machi

Marahaba mwanangu. Tu wazima, magoti ni yale yale.

Hao wakubwa ni akina nani? Yule mzungu wa mwaka tisini na nne alipiga picha daftari zima, akatoa kitabu, jina langu halimo hata kwenye shukrani. Leo wananitumia mtoto wangu mwenyewe? Nakutumia ukurasa mmoja wa wadudu, nimeuchora juzi. Wautazame, uniambie wameona nini.

Baba yako

Gent, 18 Aprili

Shikamoo Baba. Ukurasa umefika, ila sijamwonyesha mtu. Buibui ana miguu sita! Wewe uliyenichapa kwa kumsahaulia panzi papasi moja ya kichwani. Nimelia ofisini. Macho yakoje? Usinifiche.

Aika wako

Akheri, 6 Mei

Marahaba. Macho yangu hayana neno. Nilimpunguza miguu makusudi, nijue kama mnaangalia kweli au mnalitamani daftari tu. Hata wewe nilishaanza kukushuku, nakiri. Usinune.

Baba yako

Gent, 25 Mei

Shikamoo Baba. Nilinuna sana. Halafu nikauweka ukurasa chini ya kioo cha kukuzia. Mbawakawa wa kulia ana miguu mitano. Kipepeo, madoa yametoka nje ya bawa. Hao nao ni mtego?

Aika

Akheri, 20 Juni

Mwanangu, anayeandika ni mama yako, mimi namtajia.

Haukuwa mtego. Nilichora mbawakawa mwingine, nikamwambia mama yako ahesabu miguu. Alihesabu mara mbili, akapata mitano. Nimeogopa, Aika.

Daftari linakuja kwa posta. Lile nililichora nikiwa naona vizuri. Waandike jina langu lote, Elihuruma Sumari. Maonyesho yakiisha ulilete mwenyewe. Sitaweza kukagua kama kuna ukurasa uliokatwa. Utakaloniambia, nitalikubali.

Baba yako